Mtoto anaonewa darasani, mwalimu wa msingi afanye nini zaidi ya kuchapa na kupatanisha

Kaa ofisi ya walimu ya shule ya msingi yoyote hata siku moja tu, utasikia hii sentensi mpaka uizoee: "Mwalimu, fulani ananichokoza." Inakuja ukiwa unasahihisha, ukiwa unaandaa somo, ukiwa ndo kwanza umeshika kikombe cha chai, na mwalimu aliyechoka anajibu kwa njia moja kati ya mbili, ama "kamwite aje hapa" halafu fimbo inatembea, ama "acheni utoto, peaneni mikono mrudi darasani". Dakika mbili kesi imeisha. Na kwa watoto wengi inatosha kweli, maana walikuwa wanagombania ufutio tu na kabla ya kengele ya kutoka washakuwa marafiki tena. Shida ni yule mmoja kati yao ambaye kwake huo sio ugomvi, ni uonevu, na hayo majibu yote mawili yanamrudisha kwenye moto uleule, tena ukiwa mkali zaidi.

Nataka nieleze kwa nini iko hivyo, halafu nieleze walimu wanaofanikiwa kumsaidia mtoto wa hivi wanafanyaje. Niseme mapema ninachoamini: sehemu kubwa ya kazi haiko kwa mbabe, na wala haiko kwa yule anayeonewa peke yake, iko kwa wale watoto wengine wote waliobaki darasani ambao wanatazama, wanacheka, au wanainamisha kichwa.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana hapa ndo walimu wengi tunapotea. Mtu aliyefanya hili jambo lichunguzwe kwa umakini ni Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norwei kuanzia miaka ya 1970, na baada ya wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo kujiua mwishoni mwa 1982 kwa kile kilichoaminika ni kuonewa na wenzao, serikali ya Norwei ikaanzisha kampeni ya shule zote mwaka 1983 na yeye akafuatilia wanafunzi kama 2,500 wa mji wa Bergen. Maelezo yake ya uonevu yana mambo matatu: umekusudiwa, unajirudia, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea sawa na anayemfanyia. Hilo la tatu ndo la kulishika sana. Watoto wawili wanaolingana wakipigana, huo ni ugomvi, unaweza kuamua kesi ukasikiliza pande zote mbili. Ila kama mmoja ana miaka kumi na mitatu amerudia darasa na mwenzie ana tisa, au mmoja ana kundi la watu watano na mwenzie yuko peke yake, hapo hamna pande mbili za kupatanisha.

Na nguvu sio mwili tu. Kuna nguvu ya hela, mtoto anayekuja na elfu moja ya matumizi ananunua ubuyu na barafu anagawa kwa anaowataka, ana jeshi tayari. Kuna nguvu ya mdomo. Kuna mtoto wa mwalimu, ambaye wenzake wanaogopa hata kumgusa. Kuna nguvu ya kuzoea mazingira, mtoto aliyehamia katikati ya mwaka kutoka mkoa mwingine na lafudhi yake atachekwa kila akisimama kusoma kwa sauti. Na kuna nguvu ambayo tunaigawa sisi wenyewe walimu kwa mikono yetu, nayo ni ya viranja na monita.

Hapa nikae kidogo. Kila aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anajua karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu hayupo, monita anasimama mbele na kalamu anaandika majina, akirudia kelele anawekewa alama ya mara mbili, mara tatu, mwalimu akiingia anachukua karatasi anaita majina na watu wanalamba viboko bila maelezo. Sasa fikiria monita wa miaka kumi na moja mwenye hiyo karatasi. Kuna anayemuonea wivu, kuna aliyemnyima kashata juzi, na kuna yule mnyonge ambaye hata akiandikwa bure hatabisha. Kwa hiyo huyo mnyonge anaandikwa kila siku, amekaa kimya au amepiga kelele, na ili afutwe anatoa mia mbili, au kalamu, au anafagia zamu ya mwenzie. Mwalimu anaona orodha, anaona jina lilelile kila mara, anahitimisha kwamba huyu mtoto ni mtundu sugu. Yaani mtoto anaonewa na mwenzie halafu anaadhibiwa na mtu mzima kwa uonevu uleule. Mwalimu akiamua kuacha kabisa kutoa adhabu kutokana na hiyo karatasi, au akabadilisha monita kila wiki mbili, anakuwa amemsaidia huyo mtoto bila hata kumwita ofisini. Ukiona jina moja linarudi mno, usiulize huyu mtoto ana nini, uliza nani anaandika.

Tuje kwenye utani. Sisi ni watu wa utani, Mpare na Mchaga wanaweza kutukanana msibani watu wakacheka, na watoto wanayaona haya nyumbani. Kwa hiyo mtoto akilalamika kwamba anaitwa jina fulani, jibu jepesi ni "wanakutania tu". Kipimo ni rahisi lakini: mtani anarudisha. Kama yule anayetaniwa na yeye anamtania mwenzie, wanacheka wote, na kuna mahali wanasimama, sawa. Kama jina linaenda upande mmoja tu na mwenye jina anatazama chini, hapo utani umeisha zamani. Majina yenyewe mnayajua, yanashika kwenye kigugumizi, kwenye rangi, unene, sare iliyochanika, mguu unaochechemea, mtoto kukojoa kitandani, mama kuuza pombe ya kienyeji, baba hayupo. Watoto wenye ualbino wana mzigo wao wa ziada, maana hawaoni vizuri ubaoni, wanalazimika kukaa mbele kabisa, na mara nyingi darasa zima liko nyuma ya mgongo wao.

Na inabidi tuseme ukweli, mengine ya majina hayo yameanzia kwa mwalimu. Ulimwita mtoto "kobe" kwa sababu anaandika taratibu, darasa likacheka, ukasahau, ila wao hawakusahau, wamebeba mpaka barabarani. Mwalimu akishalitaja hata mara moja, jina limepata ruhusa. Ndo maana kitu cha mwanzo kabisa cha kumlinda mtoto ni ulimi wa mwalimu mwenyewe, na kama neno lishatoka, kulifuta palepale mbele ya wale waliolisikia.

Sasa kwa nini fimbo haimalizi. Sheria kwanza: Tanzania Bara adhabu ya viboko shuleni bado ipo kwa kanuni za mwaka 1979, lakini kanuni hizo zinasema anayechapa awe mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, kosa liwe zito, na irekodiwe kwenye kitabu, na baadaye idadi ikashushwa isizidi viboko vinne. Kenya walishaizuia kabisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza pia manyanyaso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi. Lakini tuache sheria pembeni, tuangalie inavyofanya kazi. Mbabe akichapwa mbele ya watu kwa sababu fulani alimsemea, anajifunza mambo mawili. La kwanza, mwenye nguvu ndo anaamua, na hilo alikuwa analijua tayari. La pili, nani kamsemea. Saa nane mchana wanatoka, mwalimu anabaki shuleni, na njia ya kwenda nyumbani ni ndefu. Kesho yake huyo mtoto mdogo hatasema tena kitu, na mwalimu ataamini kesi imeisha kwa sababu hasikii malalamiko.

Kupeana mikono nako kuna sumu yake. Ukiwaweka wawili mbele yako ukasema "na wewe ulimfanya nini mpaka akakupiga", umemwambia anayeonewa kwamba anachangia. Na hawezi kuongea, mbabe amesimama hapohapo nusu mita anamwangalia. Atasema "tumeyamaliza mwalimu". Hajayamaliza.

Basi mwalimu afanye nini. Aanze kwa kuona, maana wengi hawasemi. Watoto wetu wamefundishwa kwamba kusemea ni uchongezi, na mtoto wa kiume zaidi, nyumbani ameambiwa akilia ni mwanamke. Kwa hiyo unaangalia vitu vidogo: mtoto anaomba ruhusa ya chooni katikati ya kipindi kila siku lakini mapumziko haendi, maana chooni wakati wa mapumziko ndo kunako hatari. Amepewa hela nyumbani ila saa nne anashinda njaa. Madaftari yamechanwa, au kalamu zinapotea kila wiki. Anafika shule mapema sana kabla ya watu au anachelewa makusudi, ili asikutane na mtu njiani. Tumbo linauma Jumatatu. Anabaki darasani anajidai anafuta ubao mpaka wenzake waondoke. Na sehemu zenyewe zinajulikana kwenye kila shule, foleni ya uji, bombani, nyuma ya vyoo, dawati la mwisho, kituo cha daladala ambapo makonda wanawaacha wanafunzi na wakubwa ndo wanaoning'inia kwanza, na zile dakika kati ya mwalimu mmoja kutoka na mwingine kuingia. Mwalimu wa zamu akibadilisha tu mahali anaposimama wakati wa mapumziko, akatoka chini ya mwembe akaenda kusimama karibu na bomba, anakuwa amefuta matukio mengi kimyakimya.

Ukishahisi, usimuulize mbele ya watu. Mwalimu mmoja wa darasa la nne ninayemheshimu sana ana utaratibu ambao hauna gharama yoyote, anamchagua mtoto wa kubeba madaftari ofisini, kila siku mtoto tofauti, kwa hiyo siku ya yule anayemtafuta hamna anayeshtuka. Njiani wanaongea.

"Siku hizi huchezi rede na wenzio, eh?"

Kimya.

"Mi nimeona tu. Sijakuita kukugombeza."

"Wananitoa, mwalimu."

"Nani anaanza?"

"Akianza mmoja wote wanafuata."

"Umefanya vizuri kuniambia. Sitalisema mstarini, na sitamwita mtu leo. Kesho utanibebea tena madaftari utaniambia imekuwaje."

Ukiangalia hayo mazungumzo, hamna swali hata moja linalomfanya mtoto ajitetee. Hamna "mbona hukusema mapema". Na hakumuahidi siri ambayo hawezi kuitunza, amemwambia tu nini hatafanya na lini wataongea tena. Hii ya lini wataongea tena ndo inayoachwa na wengi, ila ndo yenye uzito, kwa sababu mtoto anayeonewa ameshazoea watu wazima wanaosikiliza mara moja halafu basi. Halafu mwalimu akifika ofisini anaandika kwenye daftari lake: tarehe, wapi, nani walikuwepo, mtoto kasema nini kwa maneno yake. Baada ya wiki tatu ukilisoma hilo daftari unaona mpangilio ambao ukitegemea kumbukumbu huwezi kuuona, mfano kwamba kila kitu kinatokea siku za michezo, au kwamba mbabe anabadilika ila mtazamaji mmoja yupo kila mara.

Hapo "akianza mmoja wote wanafuata", huyo mtoto wa darasa la nne amesema kitu ambacho watafiti wamekihangaikia miaka. Miaka ya 1990 mjini Toronto, Kanada, Debra Pepler na Wendy Craig waliwarekodi watoto wa shule za msingi uwanjani kwa kamera za mbali na maikrofoni walizovalishwa watoto, wakakuta kwenye takriban asilimia 85 ya matukio ya uonevu kuna watoto wengine wapo hapo. Watu wazima walikuwa wanaingilia mara chache mno. Na kwenye uchambuzi uliofuata, uliotoka 2001, pale mtoto mwenzao alipoingilia kutetea, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Mwalimu hata hajafika mlangoni.

Ufini wakajenga mpango mzima juu ya jambo hilo. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku na wenzake walionyesha kwamba darasani kila mtu ana nafasi yake kwenye uonevu: yupo anayeanza, wapo wasaidizi, wapo wanaocheka na kushangilia, wapo wanaokaa pembeni, na wapo wachache wanaotetea. Mbabe anafanya yale kwa ajili ya hadhira, anataka kuonekana mkubwa, kwa hiyo ukimnyima hadhira biashara yake inakufa. Mpango wao unaitwa KiVa, ulienea shule za nchi hiyo kuanzia 2009, na kuna sehemu moja naipenda sana: baada ya mwalimu kuongea na anayeonewa na wanaoonea, anawaita pembeni watoto wawili mpaka wanne wa darasa lile ambao wenzao wanawasikiliza, anawaomba wafikirie namna ya kumfanya mwenzao asijisikie mpweke. Hawaambiwi wapigane na mtu. Wanaombwa wakae naye kwenye uji, wampe nafasi kwenye rede, watembee naye mpaka kwenye kona.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya, darasa lina watoto ishirini. Mi naona kinyume. Kiwango cha serikali yetu ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu mpango wa elimu bila malipo uanze 2016 yapo madarasa yana tisini na zaidi, sasa mwalimu mmoja mwenye macho mawili ataona nini? Darasa likiwa kubwa ndo unahitaji zaidi macho na midomo ya watoto wenyewe. Na kuwapata hao watetezi sio kazi, kila darasa lina yule msichana au mvulana ambaye akisema twende huku wote wanaenda. Mara nyingi ndo nahodha wa timu, wala sio lazima awe wa kwanza darasani. Unamvuta pembeni, unamwambia ukweli kidogo unaotosha, unamwomba kitu kimoja kidogo anachokiweza. Kwenye kupanga makundi ya kazi na kupanga madawati usiwaachie wachaguane wenyewe, kwa sababu yule mmoja atabaki wa mwisho kila siku mbele ya watu wote, na hiyo peke yake ni adhabu.

Kwa mbabe, unaongea naye peke yake, na kama ni kundi unawaita mmoja mmoja mfululizo siku hiyohiyo, wasipate nafasi ya kupanga maneno. Usitaje nani kasema. Sema ulichoona wewe: "Nimeona fulani anakula peke yake, nimeona daftari lake limechanwa, na nataka ikome. Wewe utafanya nini kuanzia kesho?" Halafu nyamaza umsubiri. Wapo wanaohitaji kuambiwa waziwazi kwamba hili halikubaliki, wapo ambao ukianza na tuhuma wanajifunga, unaanza kwa kuwaambia mwenzao hana raha na unataka msaada wao. Mswidi Anatol Pikas ndo alitengeneza hii njia ya pili, na mimi kwa watoto wa madarasa ya chini naipendelea. Kama kuna alichonyang'anya, kirudishwe, hata kama ni kalamu ya mia tatu. Na mchunguze kwake kukoje, wapo wanaochapwa nyumbani na kaka zao wakaja kulipizia shuleni. Hiyo haifuti alichofanya, inakuambia tu uanzie wapi.

Wazazi ni kipande kigumu. Mzazi wa anayeonewa mara nyingi ameshampa mtoto jibu: ukipigwa na wewe piga. Namwelewa, ana uchungu. Lakini mtoto angekuwa anaweza kurudisha asingekuwa amechaguliwa, na akijaribu akashindwa anaonewa maradufu, akiokota jiwe anakuwa yeye ndo mkosaji. Mwite mzazi mapema, kabla hajaja na hasira, mwambie umefanya nini mpaka sasa na umuombe asimwendee mzazi mwenzie wala kumvizia yule mtoto barabarani. Na tafadhali usiwaweke wazazi wa pande mbili ofisi moja siku ya kwanza. Mama mmoja atasema "mwanangu hana tabia hiyo", mwingine atainua sauti, na watoto wote wawili wamesimama dirishani wanasikiliza.

Kuna mambo hayaishii kwa mwalimu wa darasa wala kwa mwalimu wa malezi na unasihi. Mtoto akishikwashikwa sehemu za siri, akiumizwa mpaka hospitali, akitishiwa silaha, au akianza kusema anataka kufa, hilo halimalizwi na kamati ya shule wala kwa mazungumzo ya wazee. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa, na hapo kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure na iko Tanzania na Kenya pia. Iandikwe ukutani pale ambapo watoto wanafika, ofisi ya mwalimu mkuu wao hawaingii.

Mwishoni huwa linakuja wazo la kumhamisha anayeonewa, mkondo mwingine au shule nyingine. Wakati mwingine ni lazima, usalama kwanza. Ila ukimhamisha yeye, darasa lililobaki linajua lilishinda, na mbabe anatafuta mwingine kabla muhula haujaisha. Kama lazima mtu ahame dawati au mkondo, aanze yule anayeonea. Na Januari watoto wanapopanda darasa, lile daftari lako la tarehe na majina usilifungie kabatini, kaa na mwalimu anayewapokea hata nusu saa, mwonyeshe nani asikae na nani, nani anaaminika, na kwamba yule mtoto aliyekuwa anabeba madaftari bado anahitaji kuulizwa kila wiki.